Ufunguo wa kanisa uko kwa nani?

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana na wajumbe wa dini mbalimbali. Goma, tarehe 22 Mei 2024.



Leo ni miaka 3 kamili tangu Nyiragongo itoke. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, jioni. Kila mtu aliye hapa anakumbuka alikuwa wapi, alibeba nini, aliacha nini. Sikuja kuwakumbusha kilio. Nimekuja na swali moja, tena swali ndogo: ufunguo wa kanisa lenu uko kwa nani? Ufunguo wa msikiti wenu uko kwa nani? Saa nane ya usiku mlima ukitapika, nani anafungua ule mlango, na nani anajua kama atafungua?

Mkijua jibu, mko mbele ya mji mzima. Kama hamjui, tuzungumze.

Tuanze na jambo ambalo watu wengi hawapendi kulisikia. Siku mbili tatu baada ya volkano, serikali ilitangaza hesabu ya kwanza ya wafu: watu 15. Kati yao 9 walikufa kwa ajali ya barabara wakikimbia. Wanne walikufa wakijaribu kutoroka gereza la Munzenze. Wawili ndio walioungua. Baadaye hesabu ilipanda, na kuko wengine waliokufa kwa moto na kwa gesi. Lakini angalieni ile hesabu ya kwanza vizuri. Lava haikuwa imefanya hata nusu ya ile kazi ya kuua. Kilichoua ni giza, ni kukimbia bila kujua tunaenda wapi, ni kukosa mtu mmoja wa kuaminika wa kutuambia: pita huku, usipite kule.

Na watoto? UNICEF ilisema zaidi ya watoto 150 walitengana na familia zao katika zile siku. Si kwamba wazazi hawakuwapenda. Ni kwamba mama alikimbia na wawili kuelekea Gisenyi, baba akakimbia na mmoja kuelekea Sake, wa nne alikuwa kwa jirani.

Kisha, usiku wa tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi alitangaza kwamba kartie 10 kati ya 18 za mji wa Goma zinapaswa kuondoka. Watu karibu 400,000 walibeba magodoro, wakapanda motari, wakasukuma machukudu, wakaingia mu mashua. Wengi walifika Sake. Na pale Sake walilala wapi? Mnajua. Walilala makanisani na mashuleni, na wengine kwenye veranda za watu. Hakuna aliyeandika hiyo mu mpango wowote kabla. Watu walifika, wakakuta mlango, wakabisha, mtu akafungua.

Hiyo ni huruma, na huruma ni kitu kikubwa. Lakini huruma bila mpango inachoka siku ya tatu. Siku ya tatu maji yameisha, vyoo vimejaa, mchungaji hajui kama awalishe watu 30 ama 300, na wale walioandikwa kwenye orodha ya msaada siyo wale waliolala ndani.

Makamarade, juu ya nini ninaongea hii leo, wakati mji wote unaongea vita? Ninaiongea juu ya vita yenyewe. Mwaka 2021 tulikimbilia Sake. Leo watu wa Sake wenyewe wamekimbilia Goma tangu mwezi wa pili. Barabara ya Rutshuru, mnajua iko vipi. Kanyaruchinya na Rusayo wahamiaji wanalala chini ya bashi, juu ya mawe ya volkano ileile, kwenye njia ambayo moto unaweza kupita tena. Kwa hiyo kama mlima unatoka kesho, hatuko na njia zile tulizokuwa nazo. Tutabaki na ziwa, na mpaka, na sisi kwa sisi ndani ya mji. Majengo itakimbilia Keshero. Bujovu itakimbilia Himbi. Mtu ataomba kulala kwa mtu. Na nyumba kubwa zaidi yenye bati katika kila kartie, mara nyingi, ni ile ya kusalia.

Ndiyo maana tunaongea na watu wa dini. Si kwa heshima tu, na si kwa sababu tunataka mtu atubariki. Ni kwa sababu wao wako na vitu vinne ambavyo hakuna ofisi ya Goma iko navyo.

Wako na watu: kila wiki wanaona uso wa watu wengi kuliko shefu wa kartie anavyowaona kwa mwaka.

Wako na majina: shirika ya Wakatoliki mtaani, seli ya maombi ya Waprotestanti, mama wanaotembelea wagonjwa, vijana wa msikiti wanaokusanya zaka. Wale wanajua kwenye avenue fulani kuko mzee kipofu anayeishi na mjukuu mmoja, kuko mama mwenye mimba ya miezi 8, kuko kijana asiyetembea. Nani mwingine anajua?

Wako na sauti: kengele, vipaza sauti, redio zao. Siku umeme unakatika na mtandao umeanguka, kengele haiombi megabaiti.

Na wako na uaminifu. Hapa niseme ukweli wa pande zote mbili, juu uaminifu ni kama kisu: kinakata nyama na kinakata mkono. Kumbukeni Ebola, kati ya 2018 na 2020. Mgonjwa wa kwanza kutambuliwa hapa Goma, Julai 2019, alikuwa mchungaji aliyetoka Butembo, mahali alipokuwa akiombea watu. Katika ile vita na ugonjwa, kuko mahali watu walikataa chanjo juu waliambiwa ni biashara ya wakubwa. Lakini kuko pia makanisa na misikiti yaliyoweka ndoo ya maji na klore mlangoni, yakaacha kushikana mikono wakati wa amani, yakakubali kuzika kwa namna mpya. Ni watu walewale wa Mungu. Tofauti ilikuwa ni nani aliketi nao mapema, akawaeleza kwa lugha yao, akawasikiliza pia.

Sasa, nitasema neno kwa heshima, na wazee wetu wa dini wanisamehe kama linauma.

Tarehe 4 Mei mwaka jana, siku ya Alhamisi, maji na udongo vilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Zaidi ya watu 400 walizikwa, na wengine wengi hawakupatikana mpaka leo. Kuko watu wa dini waliofanya kazi kubwa sana. Hospitali ya Panzi, ambayo ni ya jamii ya Kipentekoste ya CEPAC, ilituma kikundi cha waganga mara moja. Vijana wa Msalaba Mwekundu walizika maiti kwa mikono yao. Lakini pia tulisikia, mtaani na kwenye mimbari, yale maneno: "Ni Mungu amekasirika. Ni dhambi za watu wa pale."

Baba zetu, mama zetu, tafadhali. Yule mama aliyekuwa anauza mihogo siku ya soko alikuwa na dhambi gani kuliko mtu aliyejenga jumba la kifahari hapa mjini kwa pesa ya serikali? Kule milima imekatwa miti, nyumba zimejengwa pembeni kabisa ya mito juu watu hawana ardhi nyingine, mvua ikaja nyingi kwa mara moja. Hizo ni sababu, na sababu inaweza kufanyiwa kitu. Ukimwambia mtu ni hasira ya Mungu, anarudi kujenga palepale akitegemea kutubu. Ukimwambia ni mto, anaweza kuhama, anaweza kupanda miti, anaweza kumdai mkubwa wake kiwanja salama. Mahubiri moja inaweza kuokoa avenue nzima ama kuizamisha.

Na tarehe 17 Januari 2002, lava ilipasua mji huu katikati mpaka ikaingia ziwani. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliungua, pamoja na maduka, mashule na nyumba za watu wa kila imani. Moto haukuuliza nani anasali wapi. Basi hata maandalizi yasiulize.

Ile 2002 inatufundisha pia kwamba hatari haiishi siku lava inasimama. Siku chache baadaye, watu makumi walikufa kwenye kituo cha mafuta wakichota mafuta, na lava ilikuwa bado ya moto pale. Mwaka 2021, maji ya robinet yalikatika kwa sehemu kubwa ya mji, watu wakarudi kuchota ziwani, tukabaki na hofu ya kolera. Kwa hiyo maandalizi ni kabla, ni siku yenyewe, na ni miezi inayofuata.

Basi tunapendekeza nini? Hatutaki kongamano. Tunataka karatasi moja. Kila kanisa, kila msikiti, kila Salle du Royaume, kila kikundi cha Wakimbangu katika kartie, karatasi moja ubavu kwa ubavu na ya jirani yake. Ndani yake mambo haya.

Kwanza, ufunguo. Majina ya watu watatu wanaokaa karibu, wenye uwezo wa kufungua saa yoyote. Mmoja wao awe mama. Ufunguo usikae mu mfuko wa mtu mmoja ambaye Jumatatu anasafiri Bukavu.

Pili, majina ya wasioweza kukimbia peke yao. Wazee, wagonjwa, wenye ulemavu, mama wenye mimba, watoto wanaobaki nyumbani wazazi wakienda sokoni. Kwa kila jina, majirani wawili wa kumbeba. Hii ifanywe kwa nyumba kumi, si kwa dini: Mwislamu amuandike jirani yake Mkatoliki, Mkatoliki amuandike yule asiyesali popote. Na ile orodha isitembee kwenye WhatsApp. Ni maisha ya watu, ikae kwa watu wachache wa kuaminika.

Tatu, alama. Tukubaliane namna moja ya kupiga kengele na namna moja ya kutangaza msikitini, tofauti na ile ya misa na adhana, ambayo maana yake ni moja tu: toka, fuata njia tuliyoonyeshana. Na tuseme nani anaruhusiwa kuagiza ipigwe. Mwaka 2021 uvumi ulikimbiza watu mara kadhaa kabla na baada. Kila nyumba ya ibada iwe na mtu mmoja anayefuata matangazo ya Observatoire, anayejua zile rangi nne za tahadhari, kijani, njano, chungwa na nyekundu, na anayeziandika mlangoni kila Jumapili na kila Ijumaa. Dakika moja kwenye matangazo, kabla ya kusoma majina ya wachumba.

Nne, kanisa pacha. Nyumba ya ibada ya Majengo, Virunga, Murara ama Bujovu itafute ndugu yake upande wa Himbi, Keshero ama Ndosho. Waseme kabla: mnaweza kupokea familia ngapi, vyoo viko vingapi, njia ya kufika kwa miguu ni ipi. Siyo lazima dini iwe ileile. Na wakati hakuna volkano, watembeleane, wapike pamoja, watu wajuane sura. Mtu anamfungulia haraka zaidi anayemjua.

Tano, watoto. Kwenye masomo ya Jumapili na kwenye madrasa, kila mtoto ajue kusema kama wimbo: jina la baba na mama, avenue, kartie, nambari ya simu moja. Na kila familia ikubaliane mahali pa kukutana kama tunatengana. Hiyo haitaki pesa ya mfadhili. Inataka mwalimu na Jumapili tatu. Na wafundishwe mazuku pia: kwamba kuko mashimo na mabonde upande wa Bulengo na Mugunga mahali gesi isiyoonekana inakaa chini, hasa asubuhi, na inaua mtoto na mbuzi bila kelele. Wahamiaji waliofika kutoka Masisi hawajui ile kitu. Sisi tunajua. Tuwaambie.

Sita, maji na usalama. Mji wetu umejengwa juu ya mawe yanayomeza mvua, hatuko na mto. Lakini bati la kanisa ni kubwa: mfereji na tanki moja vinaweza kunyweshea watu wengi wakati robinet imenyamaza. Na watu wakilala ndani, kuwe na taa kwenye choo, wasichana walale mahali pao, mama wawe kwenye kamati ya kugawa chakula. Tumeona msaada unaogawiwa na wanaume peke yao unavyogeuka bei kwa mabinti. Nyumba ya Mungu isiwe mahali pa ile.

Saba, hesabu. Kila franga, kila kilo ya unga, kila sabuni iliyoingia na iliyotoka iandikwe na ibandikwe mlangoni. Sisi tunaodai serikali itoe hesabu hatuwezi kunyamaza mbele ya sadaka. Na msaada usiwe ndoano. Mtu mwenye njaa asiombwe kwanza abadilishe dini.

Kuko makamarade wataniambia: Katiba yetu kwa kifungu cha kwanza inasema nchi hii haina dini, inakuwaje unapeleka mambo ya umma kanisani? Ninajibu hivi. Hatuwapi mapadri na maimamu mamlaka ya serikali. Tunaweka mapatano kati ya raia, kwa sababu mwamini ni raia. Ile nyumba ya kusalia iko kwenye kartie yetu, na moto wa kartie hautofautishi raia na mwamini.

Wengine wataniambia: mkifanya kazi ya serikali, serikali italala zaidi. Hii ni hoja nzito, na mimi pia inanisumbua. Pesa za mradi uliosaidia Observatoire ziliisha mwaka 2020, na mwaka uliofuata watu wengi walikimbia mlima kabla ya kusikia neno moja kutoka kwa wakubwa. Nchi yenye volkano kama hii mlangoni pa mji wa watu wengi hivi haipaswi kuilinda kwa pesa ya wafadhili peke yake. Hiyo ni kazi ya bajeti ya taifa. Kwa hiyo tusichanganye. Ile karatasi yetu iko na nyuso mbili. Uso wa kwanza ni kile tunachofanya sisi. Uso wa pili ni kile tunachodai: Observatoire ifanye kazi usiku na mchana, mafundi wake walipwe, na vyombo vyao vilindwe, mpango wa dharura wa mji uandikwe kwa Kiswahili na ubandikwe kila kartie, wahamiaji wasiwekwe kwenye njia ya lava, na wale waliopoteza nyumba Buhene na kwingineko waelezwe hadharani msaada wao ulifika wapi. Askofu, mchungaji na imamu wakisaini uso wa kwanza, tutawaomba wasaini na wa pili. Kanisa linalopika uji bila kuuliza juu ya nini sufuria ya serikali iko tupu, linafanya nusu ya kazi.

Sasa ninageukia ninyi vijana. Mimi niko na lisansi na sina kazi. Wengi wenu hapa ni vilevile. Tunaamka, tunatembeza dosie, tunarudi. Watu wanatuona tumeketi kwenye kona na wanasema ni hasara ya masomo. Lakini nani katika mji huu anajua kuchora ramani, kuhesabu nyumba, kuandika ripoti, kutafsiri neno la mtaalamu kwa Kiswahili ambacho mama wa Kituku anaelewa? Ni sisi. Hii kazi hailipi, sitawadanganya. Na sisemi tuzoee kufanya kazi bila malipo, juu kazi ya kweli tutaendelea kuidai. Ninasema tu kwamba muda tuko nao, na volkano haitasubiri tuajiriwe.

Kwa hiyo hapa hatutoki na makofi tu. Kila mmoja achague nyumba moja ya ibada, ile anayosali ama ile iliyo karibu na kwao. Jumapili hii ama Ijumaa hii, amwone mkubwa wake. Aende wawili, kijana na binti, kwa adabu, bila kelele na bila kamera. Waulize swali la ufunguo kwanza. Likijibiwa, waulize la pili. Wakifukuzwa, warudi wiki inayofuata na mama mmoja wa korali, na mtaona mlango unavyofunguka.

Mwisho wa mwezi wa sita tukutane tena, kila mmoja na karatasi yake mkononi. Tutazitandika chini kartie kwa kartie, tuone wapi kuko tundu. Kisha tutabeba nakala ya ule uso wa pili mpaka ofisi ya mji na ya jimbo, kwa amani kama kawaida yetu, na tutasubiri jibu tukiwa tumesimama.

Mlima ule hautuchukii na hautupendi. Ulitoka 1977, ulitoka 2002, ulitoka 2021, na utatoka tena. Siku hiyo, mzee kipofu wa avenue yenu asibaki akisikiliza miguu ya watu wanaokimbia. Asikie mtu anabisha, anamwita kwa jina lake.